Forodha wamepekua stoo usiku bila hati ya hakimu, wamebeba marobota na kirikuu. Sheria inasemaje?

MamaVitambaa

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Maelezo yangu ni marefu kidogo, mnivumilie, maana najua nikifupisha mtanirudishia maswali.

Nauza vitenge na mashuka kwa jumla, mji mmoja wa barabara ya kutoka Namanga. Stoo yangu iko uani kwenye nyumba ninayoishi, chumba kirefu chenye mlango wa chuma. Upande wa kulia ni mzigo wangu. Upande wa kushoto nimempangisha kijana mmoja, naye ni wa vitenge. Mzigo wake huwa unaingia usiku usiku. Sijawahi kumhoji, kodi yake inalipwa kwa wakati na mimi nina mambo yangu.

Jumanne ya wiki iliyopita, kama saa tatu usiku, wakaja maofisa wa forodha wanne na askari polisi mmoja. Wakatoa vitambulisho, wakasema wana taarifa kwamba humo kuna mali haijalipiwa ushuru. Nikawaambia nionyesheni hati ya upekuzi kutoka kwa hakimu. Mkubwa wao akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, kwa hili hatuihitaji." Nikasema basi sifungui. Akasema nisipofungua watafungua wenyewe. Nikaenda kuleta funguo.

Walipekua kulia na kushoto. Wakaondoka na marobota 18, na kati ya hayo 11 ni yangu mimi. Wakachukua na kirikuu yangu, gari dogo la mizigo, iliyokuwa imeegeshwa uani, kwa sababu nyuma ilikuwa na marobota mawili ya yule kijana ambayo hayajashushwa. Waliandika orodha, nikasaini, wakaniachia nakala. Kijana simu yake haipatikani tangu usiku ule.

Katika yale 11, saba nilinunua kwa mtu wa jumla Dar na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, ninazo. Manne nilinunua mkononi kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga biashara, hakuna karatasi.

Mdogo wangu anasoma sheria mwaka wa pili. Anasema upekuzi wote ni batili, nitulie, tukusanye ushahidi kisha tuwashtaki. Shemeji yangu anasema hapana, nikalipe faini yaishe. Nimebaki katikati. Je, wana haki ya kuingia nyumbani kwa mtu usiku bila hati? Na mzigo wangu kwa nini uliwe pamoja na wa mpangaji?

---

chuma_ulete

Dada sheria ni ya kwenye makabati. Tafuta mtu wa ndani muelewane mapema kabla mzigo haujahamishwa ghala. Ukianza na barua umekwisha.

---

MwanaSheria Mtarajiwa

Mdogo wako yuko sahihi kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Saa tatu usiku, bila hati, ndani ya ua wa nyumba ya kuishi! Kesi hii ni nyepesi mno. Usiende kwao, usiandike chochote, waache wajikaange.

---

Mzee wa Stakabadhi

MamaVitambaa, pole sana. Nimefanya uwakala wa forodha mpaka macho yakakataa maandishi madogo, siku hizi niko nyumbani kazi yangu ni kuwasumbua vijana humu. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu swali lenye haraka kuliko yote hukuliuliza.

Swali lenyewe ni siku. Sheria inayotumika hapa ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Fungua kifungu cha 214. Mali ikikamatwa mwenyewe hayupo, ofisa anatakiwa ndani ya mwezi mmoja ampelekee mwenye mali notisi ya maandishi yenye sababu za kukamata. Ikikamatwa mwenyewe yupo, kama wewe ulivyosimama pale na funguo mkononi, hawadaiwi notisi hiyo. Na mwenye mali ana mwezi mmoja wa kupeleka notisi ya madai kwa Kamishna wa Forodha, kwa maandishi. Mwezi ukiisha hujadai, mali inahesabiwa imetaifishwa. Hakuna hakimu anayeketi, hakuna wa kukuita. Inakuwa ya serikali huku wewe bado unakusanya ushahidi na mdogo wako.

Kwako mwezi huo unakwenda tangu Jumanne ile. Usianze kubishana kwamba mimi nilikuwepo lakini sikuelezwa hiki au kile. Hesabu kuanzia tarehe ya mapema zaidi inayowezekana, uandike kabla yake. Nimeona mizigo mingi ikipotea kwa namna hii, ya watu waliokuwa na karatasi safi kabisa. Walikuwa wamekaa wanajadili hati ya upekuzi.

Haya, hiyo hati. Kijana anayetarajia kuwa mwanasheria ametaja ibara ya 16, ni kweli ipo, ila aendelee kusoma mpaka ibara ndogo ya pili. Pale Katiba inaiachia sheria iweke utaratibu wa namna na kiasi ambacho haki hiyo inaweza kuingiliwa. Na sheria ya forodha imeweka. Kifungu cha 157: ofisa akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kwenye jengo kuna bidhaa ambazo hazijakamilishiwa taratibu za forodha, au nyaraka zinazohusu bidhaa hizo, anaweza kuingia na kupekua, kwa nguvu ikibidi, mchana au usiku, na kuchukua anachokikuta. Hati haikutajwa. Hati iko kifungu kinachofuata, cha 158, ambapo ofisa anaapa mbele ya hakimu na kupewa kibali, na akiwa nacho anaweza kumtaka polisi amsaidie. Vifungu hivi viwili ni milango miwili, na anayechagua apite upi ni ofisa. Ongeza kifungu cha 7, kinachompa ofisa wa forodha akiwa kazini mamlaka na kinga zote alizonazo polisi. Yule mkubwa wao aliyekujibu kwa upole alijua anachosema.

Mimi binafsi naona mamlaka ya 157 ni mapana kupita kiasi. Angalia kitu kimoja. Wangetaka kukupekua wewe mwilini, sheria hiyohiyo ina masharti: mwanamke hapekuliwi ila na mwanamke, na ungeweza kudai kwanza upelekwe mbele ya hakimu au ofisa wa juu, naye akiona hakuna sababu anakuachia. Nyumba haikupewa heshima hiyo. Lakini tunaishi na sheria iliyoandikwa.

Kilichobaki mikononi mwako ni yale maneno "sababu za msingi". Ofisa hawezi kuamka tu akaingia kwa mtu kwa sababu geti lake ni zuri. Alikuwa na taarifa gani, ya nini, ya lini? Hayo wakili wako atamuuliza mahakamani na atatakiwa ajibu. Ni hoja nzuri, iweke mfukoni. Ila ujue mipaka yake: hata ukishinda ubishi wa mlango, kwa maoni yangu bado utaulizwa ubishi wa robota, yaani je, ushuru ulilipwa?

Na hapa sheria imeegemea upande wao. Kifungu cha 223 kinamtwisha anayedai mali, au anayeshtakiwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba ushuru umelipwa au bidhaa iliingia kihalali. Hawalazimiki wao kuonyesha kwamba hukulipa. Ndiyo maana walibeba na vya kwako. Stoo moja, vitenge vya aina moja, hakuna ukuta katikati, ofisa hana namna ya kujua usiku ule kwamba kulia ni kwako na kushoto ni kwa mpangaji. Wewe ndiye utakayemjulisha, kwa karatasi.

Kuhusu karatasi nina neno. Risiti ya EFD inaonyesha kwamba ulinunua kwa fulani. Haionyeshi kwamba fulani alilipa ushuru bandarini. Inasaidia sana, ila yenyewe peke yake ni nusu ya safari. Mfuate huyo mtu wa Dar leo, si kesho, akupe nakala ya TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, ya mzigo ulimotoka ule wako pamoja na uthibitisho wa malipo. Akisema ametupa, mwambie ofisa ana haki ya kudai nyaraka hizo mpaka miaka 5 tangu mzigo uingie, kwa hiyo mwagizaji mwenye akili timamu hazitupi. Kisha linganisha: idadi ya mita, aina, alama za kiwandani kwenye jora. Ukikuta TANSAD inasema mashuka na robota lina vitenge, bora ulijue wewe kabla hawajalijua wao. Maana tafsiri ya bidhaa zisizokamilishiwa taratibu ni pana: imo hata ile iliyolipiwa ushuru pungufu.

chuma_ulete, ushauri wako ni wa kumpeleka mama wa watu jela. Kumpa ofisa kitu ni kosa ndani ya sheria hii ya forodha, na ni kosa tena ndani ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Leo ana kesi ya marobota, unataka alale na mbili.

---

Msafiri wa Busia

Nawasalimu kutoka Kenya. Mzee amesema yote ila gari amelipita, na gari ndilo litamwumiza huyu mama.

Sheria ni ile ile moja huku kwetu, Uganda na kwenu. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 31, imeandika wazi kwamba mtu ana haki asipekuliwe nyumba yake wala mali yake isichukuliwe, na bado kifungu cha 157 kinatumika kila wiki. Sasa, chombo kilichotumika kubeba bidhaa za magendo nacho kinaweza kutaifishwa, kifungu cha 211. Jamaa yangu alikuwa na lori, likashikwa na mzigo wa mteja. Akaandika madai ya mzigo vizuri kabisa, kurasa tatu, lori hakulitaja. Alidhani lori litarudi lenyewe kwa sababu logbuku ina jina lake. Muda ukapita. Mzigo alikuja kurudishiwa, lori ilikuwa kazi nyingine kabisa, alihangaika nalo sana.

Dada, ile kirikuu iandike kwa namba yake ya usajili, na ambatisha kadi.

---

Mzee wa Stakabadhi

Msafiri, nakushukuru, umeniwahi. Nilitaka kuliweka pamoja na barua yenyewe.

Barua iwe fupi. Jina lako kamili, anuani, tarehe na mahali pa ukamataji, namba ya ile orodha uliyosaini kama ina namba, kisha vitu unavyodai kimoja kimoja. Marobota saba yenye karatasi, kwa alama zake. Gari, kwa namba. Sema wazi kwamba unadai kuwa hivyo ni vyako na havistahili kutaifishwa, na ambatisha nakala. Hadithi ya kijana aliyezima simu weka sentensi mbili, ukitaja mkataba wa pango kama upo. Kama hamkuandikishana, tafuta miamala ya kodi kwenye simu. Marobota yake usiyadai. Si yako, na kifungu cha 200 kinamkamata hata aliyeweka au kuhifadhi bidhaa za namna hiyo huku akijua, au akiwa alipaswa kujua: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote. Haya maneno "alipaswa kujua" yasome pamoja na wakili wako taratibu, kwa sababu umeandika hapa hadharani kwamba mzigo wake unaingia usiku usiku.

Ukishapeleka, saa inahamia kwao. Kamishna ana miezi 2 tangu apokee madai. Ndani ya hiyo, ama akuandikie ufungue shauri mahakamani ndani ya miezi 2 kudai mali yako, ama yeye mwenyewe afungue shauri la kutaka mali itaifishwe. Asipofanya lolote kati ya hayo, mali inatakiwa irudi kwako, isipokuwa ikiwa ni ya aina iliyokatazwa, na vitenge havimo. Hii iko kifungu cha 216, na ni moja ya sehemu chache za sheria ile ambapo raia anafaidi kwa serikali kuchelewa. Na akikuandikia barua ya kukutaka ufungue shauri, usiiweke juu ya friji. Miezi 2 hiyo ikipita hujafungua, mali imekwenda.

Wakati huohuo omba, ndani ya barua hiyohiyo, mali iachiliwe kwa dhamana wakati shauri linaendelea. Kamishna anaweza kuruhusu kwa masharti yake. Kwa kirikuu hasa, kwa sababu inakuingizia riziki na inaoza ikikaa juani.

Shemeji anayesema ulipe faini yaishe, mwambie asubiri. Anachokisema kipo, ni kufifilisha kosa, yaani Kamishna kulimaliza bila mahakama, kifungu cha 219. Watu wengi wanakuja nacho kwa sababu kinaonekana cha haraka. Ila ili Kamishna akifanye lazima wewe ukiri kwa maandishi kwamba umetenda kosa na umwombe alimalize yeye. Ukishakiri, anaweza kukutoza na mali akaitaifisha vilevile, amri yake ni ya mwisho, haikatiwi rufaa. Kwa aliyeshikwa kweli na magendo, hiyo ni nafuu kubwa, maana hashtakiwi tena kwa kosa hilo. Kwa mwenye TANSAD mkononi ni kujifunga kamba mwenyewe.

Sasa nijibu wewe: ile karatasi uliyosaini inasemaje juu ya sahihi yako?

---

MamaVitambaa

Shikamoo mzee wangu. Nimeitoa sasa hivi nikaisoma na mwanga wa simu. Juu ina orodha ya vitu na idadi. Chini kabla ya sahihi yangu imeandikwa "mmiliki au mwakilishi wake amethibitisha vitu vilivyoorodheshwa hapo juu vimechukuliwa mbele yake". Basi. Lakini jana mmoja wao alinipigia simu, kwa adabu tu, akaniambia nikipita ofisini kuna fomu nyingine ya kusaini ili "tulimalize haraka".

Mtu wa Dar amekubali kunitafutia TANSAD. Anasema ni mzigo wa kontena moja waliagiza watu wanne kwa pamoja, jina lililopo ni la mmoja wao.

Na yale manne ya mkononi je? Yule mama yupo, yuko tayari hata kuniandikia risiti.

---

MwanaSheria Mtarajiwa

Mzee nimekusoma. Ila bado naona mtu asiachie hoja ya upekuzi. Kama kila mtu ataandika barua ya madai na kunyamaza, nani atakayeipeleka 157 mahakamani?

---

Mzee wa Stakabadhi

Marahaba mama. Sahihi hiyo haina neno, imethibitisha vitu vimechukuliwa, haijasema vina kosa. Hiyo fomu ya pili usiisaini kabla wakili hajaisoma. Huenda ni ya kawaida tu, huenda ni ile ya kukiri. Sema kwa adabu kama alivyosema yeye: naomba nakala nikaisome nyumbani.

Kontena la watu wanne si tatizo kubwa, ni jambo la kila siku Kariakoo. Unachotaka ni mnyororo usiokatika: TANSAD yenye jina la mwagizaji, maandishi ya namna walivyogawana, risiti ya EFD kutoka kwa aliyekuuzia wewe. Mwagizaji mwenye jina aandike barua kwamba mzigo wa fulani ulikuwa ndani ya kontena hilo. Pete moja ikikosekana itakubidi uizibe kwa shahidi, na shahidi hakosi kuwa safarini siku ya kesi.

Manne ya mkononi. Mama yule akiandika leo risiti yenye tarehe ya zamani, mmetengeneza hati ya uongo, kifungu cha 203, miaka isiyozidi 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Kwa marobota manne! Anachoweza kuandika ni tamko lenye tarehe ya leo, kwamba siku fulani alikuuzia marobota manne kwa kiasi fulani, na yeye alinunua wapi. Kama naye ana karatasi za alikonunua, manne yanapata uhai. Kama hana, yadai ukitaka, kwa ukweli ulivyo, lakini uyatenge kwenye aya yake ili yasiyachafue yale saba.

Kijana, swali lako ni zuri na ningependa mtu alipeleke. Ila lipelekwe na mtu ambaye mali yake bado ni mali yake. Barua ya madai haimzuii kupinga upekuzi, mahakama itakuwa ileile. Weka sentensi moja mwishoni: "Madai haya hayaondoi haki yangu ya kupinga uhalali wa upekuzi." Imetosha.

---

MamaVitambaa

Mzee, la mwisho. Barua naipeleka ofisi ya hapa mjini waliponikamata au niitume Dar kwa Kamishna?

---

Mzee wa Stakabadhi

Iandike kwa Kamishna, peleka kwake, na nakala ofisi iliyokamata. Zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbele yako, na mpokeaji aandike jina lake. Ukiambiwa mwenye muhuri ametoka, kaa kwenye benchi umsubiri. Na nakala yako iliyogongwa usiihifadhi kwenye stoo ile.